Barua ya wazi kwa Wakurugenzi wa Halmashauri: ufunguo wa zahanati anao nani?

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri,
Nakala: Waheshimiwa Madiwani wote.

YAH: KUOMBA MIRADI IHESABIWE KWA HUDUMA INAYOTOLEWA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamooni. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilipostaafu nilikusudia kufuga kuku, lakini mkutano mkuu wa kijiji ukanichagua kuwa katibu wa kamati ya ujenzi kwa sababu moja tu: mwandiko wangu unasomeka. Tangu siku ile nimehesabu mifuko ya saruji, nimelala stoo nikilinda nondo, nimegombana na dereva wa tipa kwa tripu ya mchanga ambayo haikujaa, na kila kitu nimekiandika kwenye daftari. Ninayowaandikia yametoka humo. Wilaya yangu siitaji wala jina la mtu silitaji, maana nimeongea na makatibu wenzangu wa wilaya nyingine na hadithi zetu zinafanana kama watoto wa tumbo moja.

Zahanati yetu ilianza kwa nguvu za wananchi. Kila kaya ilitoa mawe, akina mama wakabeba maji kutoka mtoni, vijana wakafyatua tofali. Boma likapanda mpaka lenta, likasimama hapo. Mvua za misimu miwili zikalinyeshea, majani yakaota juu ya kuta, mbuzi wakapata kivuli. Fedha ya ukamilishaji ikaja kuingia mwezi Mei. Mnajua wenyewe maana ya Mei: tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unafungwa. Tukanunua bati na mbao za kenchi mbio mbio, kwa bei aliyoitaka muuzaji, kwa kuwa muuzaji naye ana kalenda ukutani na alijua tumebakiza siku ngapi. Fundi akapiga lipu mpaka usiku kwa mwanga wa taa ya pikipiki. Jengo likaisha, tena zuri.

Siku ya uzinduzi utepe ulikatwa, ngoma zikapigwa, tukala ubwabwa. Jiwe la marumaru lenye jina la mgeni rasmi lilikuwa limeshabandikwa ukutani. Kitanda cha kujifungulia kilikuwa bado hakijafika. Wageni walipoondoka mlango ulitiwa kufuli, ufunguo akapewa Mtendaji wa Kijiji, naye akautundika kwenye msumari ofisini kwake.

Ulikaa kwenye msumari ule miezi 14.

Katika miezi hiyo nyuki walihamia darini. Mabinti niliowafundisha kusoma na kuandika walipita mbele ya zahanati mpya wakiwa wamepakiwa kwenye bodaboda, uchungu umewashika, kwenda kituo cha afya kilicho kilomita 19 kutoka kwetu. Mmoja hakufika. Alijifungulia njiani chini ya mkwaju, mama mkwe wake akimkinga kwa kanga. Mtoto ni mzima, sasa anatembea, na huwa napishana naye akienda dukani na dada yake.

Nikapanda basi kwenda makao makuu ya halmashauri kuuliza. Mhandisi, kijana mstaarabu, akafungua faili akanionyesha: jengo limekamilika, limekaguliwa, limesainiwa. Kweli. Ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya wakaniambia kituo hakijasajiliwa, maana hakina choo cha wagonjwa, hakina kichomea taka, wala shimo la kutupia kondo la nyuma, na bila usajili hakiwezi kuletewa dawa kutoka Bohari ya Dawa. Kweli. Utumishi wakasema ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi, ya mwaka ule ilipita bila nafasi ya zahanati yetu kwa kuwa hakuna aliyewaletea maombi. Kweli tena. Manunuzi wakasema vifaa tiba havikuwemo kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka, hivyo hata fedha ingekuwepo wasingeweza kununua. Nikatoka pale kofia mkononi. Nilikuwa nimeongea na watu wanne wakweli, na zahanati bado imefungwa.

Waheshimiwa, barua hii yote imezaliwa kwenye safari ile. Mradi ukikwama sisi wananchi kwanza tunamtafuta mwizi, na wezi wapo, sikatai. Lakini hesabu za zahanati yetu nimezipiga mara tatu, kila mfuko unaonekana ulikokwenda. Hakuna aliyekula. Choo kilikuwa na mwenyewe, dawa zilikuwa na mwenyewe, muuguzi alikuwa na mwenyewe, ukuta ulikuwa na mwenyewe. Mradi wenyewe ulikuwa yatima.

Nilifundisha hesabu miaka mingi, na kuna maswali ambayo mtoto hawezi kuyapata mpaka aanzie kwenye jibu arudi nyuma. Mradi ni swali la namna hiyo. Tuseme mnataka muuguzi afungue mlango tarehe 1 Julai. Ili mshahara wake uwepo, nafasi yake iingie kwenye ikama na bajeti inayoandaliwa miezi kadhaa kabla, wakati fundi bado anapanga tofali. Ili apate pa kulala, nyumba ya mtumishi ianze pamoja na zahanati, maana kijijini kwetu hakuna nyumba za kupanga, kuna chumba cha uani kwa bibi mmoja na mbuzi wake. Shimo la kondo na kichomea taka vijengwe fundi akiwa bado saiti na kokoto zimebaki, kwa sababu kumrudisha fundi kwa ajili ya shimo moja ni ghali kuliko shimo lenyewe. Vifaa viingie kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka huo huo. Ukirudi nyuma hivyo hatua kwa hatua unagundua kwamba kazi ya kwanza kabisa ya zahanati, kabla hata ya kupiga vigingi vya msingi, ni barua ya kwenda ofisi ya utumishi. Barua! Haili hata mfuko mmoja wa saruji.

Halafu kuna mvua. Huku kwetu zinanyesha msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka Aprili, na ikifika Januari tipa halivuki korongo. Hilo analijua hata mtoto wa chekechea. Lakini mpango kazi nilioletewa kusaini ulionyesha kusomba mchanga na kokoto mwezi Februari. Nikauliza. Nikajibiwa kwamba ndipo fedha inapotarajiwa. Inaonekana fedha na mvua havijawahi kukaa kikao kimoja. Sijui mikoa yenye vuli na masika wanafanyaje, ila nadhani wao wanakwama mara mbili kwa mwaka.

Na siku hizi kuna NeST, mfumo wa manunuzi ya umma kwa mtandao, ulioanza mwaka 2023, mwaka ule ule ilipopitishwa Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma. Kwa uwazi ni mfumo mzuri, mzabuni anaonekana na bei inaonekana. Ila katani kwetu anayeujua vizuri ni mtu mmoja, mwalimu mwenye kishikwambi. Akiugua, misumari nayo inasubiri apone. Kufundisha watu watatu kila kata ni kazi ya siku chache, na itaokoa wiki nyingi za fundi kukaa chini ya mwembe.

Naomba sasa nirudi nyuma kidogo, maana sisi wazee hatuwezi kuandika barua bila kumtaja baba. Baba yangu alikuwa kibarua wa karanga kule Nachingwea, enzi za Mwingereza. Waliokwenda shule mnaijua habari yenyewe. Mwaka 1946 walitumwa wataalamu, wakazunguka wiki tisa, wakarudi na mpango wa kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea. Mashine nyingi zilikuwa mabaki ya vita, na mafundi wa kuzitengeneza walikuwa wachache. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama sakafu, ukala majembe, na karanga zenyewe zikawa hazing'oki. Mwaka wa kwanza walipanga ekari 150,000; zilizopandwa hazikufika 10,000. Mwanzoni mwa 1951 mpango ukafutwa, pauni milioni 36 hivi zimekwenda, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya karanga hizo ikaja kung'olewa.

Hawakulima kwanza shamba dogo la majaribio. Wala hawakumsikiliza mzee wa Kigogo awaambie mvua ya Kongwa inavyokuja na inavyokimbia. Lakini lililomkaa baba moyoni ni jambo jingine. Alikuwa akisema kwamba kila wikiendi wazungu walihesabu ekari zilizosafishwa na kuzipeleka makao makuu, na ekari zilikuwa zinaongezeka. Karanga, alisema, hakuna aliyekuja kuzihesabu.

Ndiyo maana nikisoma taarifa ya utekelezaji yenye "asilimia 98 ya ukamilishaji" namkumbuka. Zahanati yetu ilikuwa asilimia 100 kwa miezi 14. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikitaja miradi ya aina hii, iliyokamilika na haitumiki, kwa hiyo sidhani kama nawaletea habari mpya. Naleta tu sura yake, jinsi inavyoonekana ukiwa umekaa kwenye benchi nje ya mlango uliofungwa.

Kuna mahali tumejifunza, na ni haki niseme. Chukueni maji. Mwaka 1971 nchi iliweka lengo kwamba katika miaka 20 kila mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ukafika ukapita. Sera ya Maji ya 2002 ikazirudia mita 400 zile zile. Katikati hapo visima vilichimbwa vingi, matenki yakajengwa, bendera za wafadhili zikapepea. Lakini vituo vya maji vya vijijini vilipohesabiwa katika miaka ya 2010, zaidi ya theluthi moja vilikuwa havitoi maji. Kwenye taarifa vilikuwepo vyote. Mwaka 2019 ikaanzishwa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na sheria iliyoianzisha ikaweka mkazo kwenye vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Mtu wa kawaida ataona ni jina refu tu. Mimi naona ni jibu la swali langu: yupo anayekusanya fedha ya ndoo, yupo anayeiweka benki, yupo anayepigiwa simu pampu ikizima. Kijiji jirani pampu yao ilikufa wakati wa kiangazi, ikatengenezwa ndani ya siku nne kwa fedha yao wenyewe. Pampu hiyo hiyo, kabla hawajawa na chombo, iliwahi kulala mwaka mzima huku kila mtu akimsubiri mwenzake.

Chukueni na madarasa ya fedha za UVIKO-19. Oktoba 2021 zilitangazwa shilingi trilioni 1.3, na ndani yake madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, yaani vya watoto wanaokaa mbali na shule mama, shilingi milioni 20 kila moja. Watu walibeza kwamba hayataisha. Januari 2022 watoto wa kidato cha kwanza wakaingia. Kwa nini yale yaliwezekana? Fedha ilikuja kwa mkupuo, na tarehe ya watoto kufungua shule haikuwa na mjadala, kwa hiyo kila ofisi ililazimika kurudi nyuma kutoka siku hiyo hiyo moja. Kasoro ilikuwepo. Milioni 20 ilikuwa ile ile kwa anayejenga kando ya lami na kwa anayejenga kisiwani. Rafiki yangu wa visiwani alilipia mtumbwi kwa kila safari ya saruji, fedha ambayo haikuwemo kwenye makadirio, na wananchi ndio walioizibia. Hata hivyo kengele ililia na madarasa yana watoto.

Sasa maombi yangu.

La kwanza, na kama mtalifanya hili tu mimi nitarudi kwa kuku wangu: kila mradi uwe na mtu mmoja, ofisa wenu, mwenye jina, anayeubeba tangu wazo mpaka huduma imeshika. Asiwe kamati. Kamati ni nzuri kwa kupokea saruji. Nimekuwa kwenye kamati, najua. Kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi zikiulizwa kwa nini hakuna dawa zitatazamana. Mtu huyu awe na mamlaka ya kumwita mhandisi, mganga, utumishi na manunuzi kwenye meza moja, hata kama cheo chake kiko chini ya vyao, kwa barua ya Mkurugenzi. Jina lake na namba ya simu ya ofisi viandikwe kwenye bango la mradi. Mabango yetu yanaeleza gharama, fundi na chanzo cha fedha. Ongezeni mistari miwili: huduma itaanza lini, na aulizwe nani.

Mtu huyo asiachiwe siku ya utepe. Abaki na mradi angalau mwaka mmoja baada ya hapo, na apimwe kwa kilichoandikwa kwenye rejista na leja ya dawa. Kama ni skimu ya umwagiliaji apimwe kwa magunia, na kama ni soko apimwe kwa wauzaji waliokaa ndani yake. Masoko nayo mnayajua: vizimba vipya vitupu, nyanya zinauzwa barabarani nje ya uzio, kwa sababu hakuna aliyewauliza akina mama wauza nyanya wateja wao wanapita wapi.

Jingine ni gharama za baada ya jengo. Umeme una bili, jokofu la chanjo lina gesi au sola, mlinzi anakula. Katika makabrasha niliyosaini sijawahi kuona ukurasa unaosema zahanati hii ikishafunguliwa itagharimu kiasi gani kwa mwezi na nani atalipa. Ukurasa huo ukikosa jibu, bora msichimbe msingi mwaka huo. Nasema hivyo nikijua kijiji kinachosubiri zahanati kinaweza kuwa changu.

Na nyie Waheshimiwa Madiwani, samahanini, mna lenu. Kila mmoja anataka boma katani kwake kabla ya uchaguzi, na fedha ya maendeleo inagawanywa kama pilau ya msibani, kila sahani kijiko kimoja na hakuna aliyeshiba. Naelewa kwa nini. Diwani anayerudi kwa watu wake mikono mitupu hana maisha marefu. Lakini kubalianeni kwenye baraza kwamba mwaka huu mnamaliza kata tatu kabisa, mpaka muuguzi anaingia, na mwakani tatu nyingine, na orodha ibandikwe hadharani kila mtu aone zamu yake. Mtu akiijua zamu yake anaweza kuvumilia. Kinachomuudhi ni kupita kila siku mbele ya boma alilolibebea mawe.

Kuhusu ukaguzi nina machache. Wageni wakitangazwa, barabara inachongwa, nyasi zinafyekwa, hata dawa zilizokuwa zimekwisha zinaonekana kabatini. Mgeni njoo mwenyeji apone. Basi njooni bila taarifa, miezi sita baada ya uzinduzi, siku ya Jumanne ya kawaida. Msikae meza kuu. Kaeni kwenye benchi la wagonjwa saa moja, mtajua.

Zahanati yetu ilifunguliwa hatimaye. Tulijichanga tena tukachimba choo na shimo, mdau mmoja akatoa kitanda, na muuguzi akaja akiwa na sanduku moja na mtoto mgongoni. Usiku wa kwanza tu alizalisha, kwa taa ya simu. Anaishi kwenye chumba cha uani kwa yule bibi. Mbuzi wamehamishwa.

Nimeandika sasa kwa sababu wiki iliyopita vijana walikuja na kamba wakapiga vigingi vya wodi ya wazazi, mkono wa kushoto wa zahanati. Tumeambiwa fedha iko njiani. Watu wamefurahi, mawe yameanza kusombwa, nami nimechaguliwa tena kwa ajili ya mwandiko wangu. Nimenunua daftari jipya la kurasa 200. Ukurasa wa kwanza nimeandika jina la mradi, kijiji na kata. Mstari wa nne nimeandika "Msimamizi wa mradi mpaka huduma ianze", nikaacha wazi mbele yake. Nasubiri kuletewa jina.

Ndimi,
Katibu wa kamati ya ujenzi,
mwalimu mstaafu.